Satelaiti mbili, wingu moja: jinsi kimo na ukuaji wa mawingu ya radi vinavyopimwa juu ya Bukoba na Muleba

Wakazi wa Bukoba na Muleba wanaofuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wamezoea kusikia kwamba mvua na ngurumo za radi zinatarajiwa usiku na asubuhi katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa Ziwa Victoria. Kwa mkulima wa Kamachumu, taarifa hiyo humsaidia kuamua kama kahawa aliyoianika iendelee kubaki nje. Kwa mvuvi wa dagaa wa Goziba au Bumbire, ambaye kazi yake huanza jua linapozama na hufanywa kwa mwanga wa taa katikati ya maji, taarifa hiyo hugusa uhai wake. Mvuvi huyo hatosheki kuelezwa kwamba mvua itanyesha mahali fulani ziwani. Anahitaji kujua wingu la radi limefika kimo gani, linapanda kwa kasi gani na liko wapi hasa.

Maswali hayo matatu huonekana mepesi, kwa kuwa siku hizi picha za satelaiti hupatikana hata kwenye simu ya mkononi. Hata hivyo, picha moja ya satelaiti, iwe safi namna gani, haitoshi kuyajibu. Picha hiyo ni bapa. Huonesha weupe wa wingu na upana wake, lakini kimo chake hubaki kuwa jambo la kukisiwa. Zaidi ya hapo, picha moja huliweka wingu refu mahali ambapo halipo. Kwa Bukoba, kosa hilo la mahali linaweza kufikia kilomita 12, umbali unaotosha kuihamisha dhoruba kutoka juu ya paa za mji hadi kwenye maji makuu.

Njia ya kuliondoa kosa hilo, na papo hapo kulipima wingu umbo lake na ukuaji wake, ni kuitazama sehemu ileile ya anga kwa satelaiti mbili zilizo mbalimbali, kama binadamu anavyotazama kwa macho mawili. Wataalamu huuita upimaji huu stereo.

Ziwa linalotengeneza mvua usiku

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukubwa huo hulifanya liwe na hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya radi hujengeka juu ya vilima vinavyolizunguka ziwa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na hewa kutoka pande zote huteremkia ziwani. Mikondo hiyo inapokutana haina pa kwenda ila juu, ikiwa imebeba unyevu mwingi uliotoka kwenye maji yenyewe. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili ni dhoruba za usiku wa manane na alfajiri.

Pepo za mashariki, ambazo ndizo zinazotawala katika eneo hili, huzisukuma dhoruba hizo kuelekea magharibi, yaani kuelekea Kagera. Bukoba hupata wastani wa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya kiasi kinachopatikana Mwanza, upande wa kusini wa ziwa hilohilo. Migomba na mibuni ya Muleba imeneemeka kwa mpangilio huo tangu zamani.

Lakini saa za dhoruba ndizo pia saa za kazi na safari. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, na hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa ndipo mwanga wa taa unapowavuta dagaa vizuri. Maana yake ni kwamba mvuvi huingia ziwani katika giza ambalo halimruhusu kuliona wingu likijengeka, isipokuwa pale linapomulikwa na radi. Meli ya New Victoria, iliyorejea kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, husafiri kati ya Mwanza, Kemondo na Bukoba wakati wa usiku. Ndege za asubuhi hutua katika uwanja ambao njia yake ya kurukia iko ukingoni kabisa mwa ziwa.

Taifa bado linaikumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, wakati ndege ya Precision Air namba PW494 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilipoanguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa, wavuvi wakiwa miongoni mwa waliofika kwanza. Mvua na hali mbaya ya hewa vilikuwepo asubuhi hiyo. Chanzo cha ajali ya ndege, hata hivyo, ni suala la wachunguzi wa ajali, na si halali kwa mtu yeyote kukibebesha wingu peke yake mzigo huo. Upande wa wavuvi, makadirio ambayo yamekuwa yakinukuliwa kwa miaka mingi huweka idadi ya watu wanaopotea katika Ziwa Victoria kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka kwa nchi zote 3 zinazolimiliki. Ni makadirio, na yamewahi kubishaniwa. Lakini hata nusu yake ingekuwa nyingi mno.

Joto la wingu na mipaka yake

Njia iliyozoeleka ya kukadiria kimo cha wingu ni kulipima joto. Kadiri mtu anavyopanda angani ndivyo baridi inavyoongezeka, kwa kiasi cha nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila kilomita moja. Kamera za satelaiti zinazopima miale ya infraredi husoma joto la sehemu ya juu ya wingu, usiku na mchana. Mtabiri akijua joto la anga katika kila kimo, huweza kusema wingu lenye nyuzi 50 chini ya sifuri limefika wapi. Njia hii imefanya kazi kubwa kwa miongo mingi na haitarajiwi kuachwa.

Ina udhaifu wake, na udhaifu huo hujitokeza pale hasa inapohitajika zaidi. Wingu jembamba la juu hupitisha sehemu ya joto linalotoka chini yake, hivyo husomeka kana kwamba liko chini kuliko lilivyo. Katika ukanda wa Ikweta, mawingu makubwa ya radi hufika kwenye tropopozi, yaani tabaka la anga lililo kwenye kimo cha kilomita 16 hadi 17 ambako baridi haiongezeki tena, na yaliyo na nguvu zaidi hulipenya. Hapo uhusiano kati ya joto na kimo huvurugika: joto lilelile laweza kuwa la vimo viwili tofauti. Aidha, wingu kubwa likishatandaza kilele chake, utando huo hufunika kila kitu kilicho chini yake kwa rangi moja ya baridi, na mnara mpya unaochipuka katikati hutambulika kwa shida.

Rada ya hali ya hewa iliyoko Mwanza husaidia sana, ila nayo ina jiografia ya kushindana nayo. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 180. Kwa sababu dunia ni mviringo, mwali wa rada uliorushwa kwa pembe ya nusu digrii hupita juu ya Bukoba ukiwa kwenye kimo cha takriban kilomita 3.5, na juu ya mji wa Muleba kwenye kimo cha kilomita 2.8 hivi. Kinachotokea chini ya hapo haukioni. Vilevile rada huona matone ya mvua, ilhali wingu huanza kupanda kabla matone hayo hayajawa makubwa kiasi cha kuonekana. Dakika hizo za mwanzo ndizo zenye thamani kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Kidole gumba na Kisiwa cha Musira

Msingi wa stereo hauhitaji hesabu kubwa. Mtu akinyoosha mkono na kukitazama kidole gumba chake kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kidole huonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Kikiwa karibu na uso huruka sana. Kikiwa mbali huruka kidogo. Ubongo hupima kuruka huko na kukifanya umbali.

Wapima ardhi hutumia kanuni hiyohiyo. Aliyesimama ufukweni Bukoba anaweza kujua umbali wa Kisiwa cha Musira bila kupanda boti: atakitazama kutoka sehemu moja ya ufuo, apime pembe, ahame hadi sehemu nyingine, apime tena, na umbali kati ya sehemu hizo mbili utampa jibu. Kadiri sehemu hizo zinavyoachana ndivyo jibu linavyokuwa sahihi zaidi.

Kwa mawingu ya Kagera, sehemu hizo mbili ziko angani. Satelaiti za Meteosat zinazoendeshwa na shirika la Ulaya la EUMETSAT zimewekwa kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, zikizunguka sambamba na dunia, hivyo kila moja huonekana kana kwamba imesimama palepale. Moja iko juu ya longitudo 0, kusini mwa pwani ya Ghana. Nyingine, Meteosat-9, tangu mwaka 2022 hulitazama eneo la Bahari ya Hindi kutoka longitudo 45.5 mashariki. Umbali kati yake ni zaidi ya kilomita 32,000. Macho ya binadamu yameachana kwa sentimita 6 hivi.

Bukoba iko karibu na longitudo 31.8 mashariki, katikati ya macho hayo mawili, ingawa si katikati kamili. Satelaiti ya longitudo 0 huitazama kutoka magharibi kwa mshazari. Mstari wake wa kuona hugusa kilele cha wingu, kisha huendelea hadi ardhini upande wa mashariki, na huko ndiko picha inakoliweka wingu. Kwa pembe iliyopo juu ya Bukoba, kila kilomita moja ya kimo huhamisha wingu mita 755 kuelekea mashariki. Wingu la radi lenye kimo cha kilomita 16, lililosimama juu ya mji wa Bukoba, litaonekana liko kilomita 12 ndani ya ziwa, ng'ambo ya Musira. Satelaiti ya Bahari ya Hindi, ambayo hulitazama kutoka mashariki na kwa mshazari mdogo, italihamisha wingu hilohilo kilomita 4.6 upande wa magharibi, kuelekea vijijini.

Ukijumlisha mihamo hiyo miwili, picha mbili zinatofautiana kwa karibu kilomita 16.7. Hapa ndipo Bukoba ilipobahatika kijiografia, pengine bila mtu yeyote kukusudia: kila kilomita moja ya kimo cha wingu huleta tofauti ya takriban kilomita moja na mita 45 kati ya picha mbili. Kwa mahesabu ya haraka, tofauti ya mahali ndiyo kimo chenyewe. Picha zikitofautiana kwa kilomita 10, wingu limefika kilomita 9.6 hivi. Kwa Muleba na visiwa vyake tarakimu hubadilika kidogo tu.

Faida ya kwanza ni mahali. Mtabiri mwenye picha ya satelaiti ya magharibi pekee, asipofanya marekebisho, anaweza kuona kisiwa kimoja kiko chini ya dhoruba, kumbe dhoruba yenyewe iko juu ya kisiwa kingine kilicho kilomita 12 magharibi yake. Kinachoonekana salama ndicho kinachopigwa. Marekebisho hufanyika pia kwa kukadiria kimo kutokana na joto, lakini kosa la kimo hurudi kama kosa la mahali. Picha mbili hutoa yote mawili kwa mkupuo, bila kuuliza joto la wingu ni kiasi gani.

Kupima ukuaji

Kimo cha mara moja ni habari nusu. Wingu la kilomita 9 lililosimama na wingu la kilomita 9 linalopanda ni vitu viwili tofauti. Chukulia kwamba saa 4:00 usiku picha mbili za wingu lililo mashariki ya Bumbire zinatofautiana kwa kilomita 6, na saa 4:30 zinatofautiana kwa kilomita 14. Kimo kimetoka kilomita 5.7 hadi kilomita 13.4. Wingu limepanda kilomita 7.7 kwa nusu saa, zaidi ya mita 250 kwa kila dakika. Hewa inayopanda kwa kasi hiyo hubeba maji mengi ambayo lazima yarudi chini, na yanaporudi huivuta hewa baridi pamoja nayo. Hewa hiyo ikigonga uso wa ziwa husambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Huo ndio upepo wa ghafla unaopindua mitumbwi, na mara nyingi hutangulia mvua.

Kipimo kinapofanywa kwa sehemu nyingi za wingu, na si kwa kilele peke yake, hupatikana umbo lake. Kompyuta huchukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, hutafuta kipande kinachofanana nacho katika picha ya pili, hupima tofauti ya mahali, kisha hurudia kazi hiyo mara maelfu. Matokeo yake ni kama ramani ya milima, isipokuwa milima hiyo ni ya mvuke na barafu. Wingu changa huonekana kama kichuguu chenye vichwa vingi. Lililokomaa huwa na kilele bapa kilichotanda kama fuawe la mhunzi, umbo linaloweza kueleweka vizuri katika mkoa ambao mabaki ya Katuruka, Maruku, yanaonesha ulivyofua chuma tangu kale. Juu ya fuawe hilo huweza kujitokeza kuba dogo: hapo ndipo mkondo wa hewa uliposhindwa kusimama kwenye tropopozi. Kuba hilo ni dalili ya dhoruba kali, na katika ramani ya stereo hujitokeza kwa kimo chake bila kutegemea joto.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1981 mtafiti wa NASA, Arthur Hasler, alieleza namna satelaiti mbili za Marekani, moja ya mashariki na nyingine ya magharibi, zilivyoweza kupiga picha kwa wakati mmoja na kupima vimo vya mawingu. Mwaka uliofuata Tetsuya Fujita, mwanasayansi ambaye jina lake limebaki katika kipimo cha nguvu za vimbunga vya nchi kavu, alichapisha kanuni za hesabu hizo na kuzitumia kwa mawingu yaliyo juu ya dhoruba kali. Tangu tarehe 18 Desemba, 1999, satelaiti ya Terra imekuwa angani na chombo kiitwacho MISR chenye kamera 9 zilizoelekezwa mbele, chini na nyuma, ambazo hulipitia wingu moja baada ya nyingine ndani ya dakika 7. MISR hupima kwa ustadi ambao satelaiti za mbali haziufikii. Kwa mvuvi wa Muleba, hata hivyo, haina msaada wa moja kwa moja: ilipangwa kuvuka Ikweta asubuhi, saa ambayo dhoruba ya usiku imekwisha au inamalizika, na sehemu moja ya Ikweta huweza kusubiri siku 9 kabla ya kupitiwa tena.

Mahali mbinu inapokwama

Ni vema wananchi wakaelewa pia kwa nini upimaji huu, pamoja na uzuri wake, umebaki kuwa chombo cha watafiti zaidi kuliko cha meza ya utabiri wa kila siku.

Kikwazo kikubwa ni muda. Picha mbili lazima zipigwe kwa wakati mmoja, kwa sababu wingu halisimami kusubiri. Wingu linalosukumwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde husogea kilomita 3 kwa dakika 5. Picha zikipishana kwa dakika hizo 5, na upepo ukiwa wa kutoka mashariki, kompyuta itadhani mwendo huo ni kimo na kukosea kwa karibu kilomita 3. Meteosat-9 huipiga picha dunia yote iliyo mbele yake kila baada ya dakika 15. Meteosat-12, satelaiti ya kizazi kipya iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 13 Desemba, 2022 na ambayo sasa ndiyo ya longitudo 0, hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Mizunguko hiyo miwili hukutana kila nusu saa tu. Kati ya hapo lazima mtaalamu akadirie wingu lilikuwa wapi.

Kikwazo cha pili ni ukubwa wa doa la picha, yaani pikseli. Mchana kamera za mwanga wa kawaida hutoa pikseli ya kilomita 1 au chini ya hapo. Usiku hubaki infraredi, ambayo kwa Meteosat-9 pikseli yake ni kilomita 3 katika sehemu iliyo chini yake moja kwa moja na huongezeka kadiri mshazari unavyoongezeka. Kwa kuwa juu ya Bukoba kilomita ya tofauti ni sawa na kilomita ya kimo, kukosea kwa nusu pikseli ni kukosea kimo kwa kilomita 1.5. Hiyo bado inatosha kutofautisha wingu la kilomita 6 na la kilomita 14, lakini haitoshi kupima kuba la mita 800 juu ya fuawe.

Kuna pia tatizo la macho mawili kutazama pande tofauti. Mnara wa wingu hutazamwa na satelaiti moja kwa ubavu wa magharibi na nyingine kwa ubavu wa mashariki, na si rahisi kompyuta kutambua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Utando laini usio na alama yoyote huichanganya zaidi.

Alasiri kwa ajili ya usiku

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Vituo vya kupokea picha za Meteosat vilisambazwa katika nchi za Afrika katikati ya miaka ya 2000 kupitia mradi wa PUMA. TMA, ambayo Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 iliifanya kuwa Mamlaka kamili, hutoa utabiri wa Ziwa Victoria na tahadhari zenye ngazi 3, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mradi wa kikanda wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ufadhili wa Uingereza, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda katika kuboresha tahadhari hizo, ukiwahusisha wavuvi wenyewe katika kuamua taarifa iandikwe vipi ili ieleweke mialoni.

Swali la msingi ni namna ya kuutumia upimaji ambao hufanya kazi vizuri mchana kwa ajili ya dhoruba zinazotokea usiku. Jibu linaanzia katika utafiti ulioongozwa na Wim Thiery na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications. Watafiti hao walizitafuta dalili za vilele vinavyopenya tropopozi katika picha za Meteosat za miaka kadhaa, na wakaona kwamba nguvu ya dhoruba za mchana juu ya nchi kavu inayolizunguka ziwa inahusiana na nguvu ya dhoruba zitakazozuka ziwani usiku unaofuata. Mwaka 2017 walionesha kwamba uhusiano huo unaweza kuwa msingi wa tahadhari ya mapema. Utafiti wa kwanza ulionya pia kwamba, kadiri dunia inavyopata joto, mvua kali zaidi juu ya ziwa zinatarajiwa kuongezeka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya zile za nchi kavu jirani.

Kwa maneno mengine, wingu linalohitaji kupimwa kwa makini zaidi ni lile la alasiri juu ya vilima, wakati bado kuna mwanga, pikseli ni ndogo na satelaiti zote mbili zinaliona vizuri. Hiyo ni saa ambayo stereo iko katika ubora wake. Mashirika ya anga ya Ufaransa na Israeli yanaandaa mpango uitwao C3IEL wa satelaiti ndogo zitakazoruka kwa pamoja na kulipiga picha wingu moja kutoka pembe mbili kila baada ya sekunde 20, kwa zaidi ya dakika 3 mfululizo, ili kupima umbo lake na kasi ya kupanda kwake kwa undani usiowezekana leo. Satelaiti hizo hazitalinda ziwa usiku kucha. Zitapita na kwenda. Kazi yake ni kuwafundisha wanasayansi namna wingu linavyokua, ili maarifa hayo yatumike kuzisoma picha za satelaiti zisizoondoka.

Kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, mawingu ya nchi kavu yanapokuwa yamekaribia ukomavu wake, mitumbwi ya dagaa ya Goziba, Bumbire, Ikuza na Kerebe kwa kawaida bado iko ufukweni, nyavu zinashonwa na taa zinakaguliwa. Tahadhari ikitoka saa hizo huwakuta wavuvi wakiwa nchi kavu.